Beki Aliyebaki

Mwezi wa Julai, Johannesburg ilipokuwa na baridi ya kupasua midomo, umeme ulikatika Doornfontein na Bushra akaingiza jiko la mkaa ndani ya chumba chake cha kushonea. Alikuwa na sare za shule za watu, na wenyewe walikuwa wanazitaka kesho yake. Akafunga dirisha, akaendelea na kazi. Asubuhi fundi viatu wa chumba cha pili alimkuta ameinamia cherehani, kichwa juu ya kitambaa, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Hewa ya mkaa haina kishindo. Inamjia mtu kwa nyuma.

Hospitali ilipoutoa mwili wake, akazikwa. Mwende, rafiki yake, hakwenda makaburini kwa kuwa wanawake hawakwenda. Alikaa Yeoville, nyumbani kwa Twalib, mjomba wa marehemu, mkekani pamoja na wanawake wa Tanga na Unguja waliokuwa wakisoma Yasini. Yeye hakujua kuisoma. Alikuwa Mkamba, Mkristo, mfanyakazi wa benki, na alikaa kimya na leso kichwani akitazama miguu ya watu waliokuwa wakiingia. Kila mlango ulipofunguliwa alijikuta akiitafuta miguu ya Bushra.

Walikuwa wamejuana barafuni. Mwende alijifunza kuteleza Nairobi, kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli moja, na alipohamishiwa Johannesburg kikazi akatafuta timu ya magongo ya barafu kabla hata hajapata kitanda cha kulalia. Akaipata, timu ya wanawake, na baadaye ligi yao ikaanza kuwalipa wachezaji. Malipo yenyewe yalitosha petroli na chakula cha mchana, lakini yalikuwa malipo, na kocha wao Marek, aliyewahi kuishi kwa mchezo huu kule Ulaya, aliwakumbusha kila wiki kwamba sasa wao ni watu wa kazi.

Bushra alifika uwanjani kuleta jezi alizozishonea namba. Mwende alimsikia akizungumza kwenye simu, meno yakigongana: "Nipo huku ndani ya friji, mjomba, wallahi wamelijenga friji wakaingia humo kucheza." Mwende akaangua kicheko, Bushra akageuka, na ukawa ndio mwanzo. Haukupita mwezi Bushra naye alikuwa ndani ya friji, mtandio mweusi umebanwa vizuri chini ya helmeti.

Watu wengi hujifunza kwenda mbele kwanza. Bushra alijifunza kurudi nyuma. Alisema hataki kukipa mgongo kitu kinachomjia. Akawa anateleza kinyumenyume kwa namna ambayo Marek alisimama na kumtazama, gongo mbele, macho kifuani kwa mshambuliaji, taratibu, bila papara, mpaka mshambuliaji mwenyewe anajikuta hana pa kupita.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo yako hivi. Uwanjani kila upande una kipa na wachezaji watano, na wawili kati ya hao ni mabeki. Kile wanachokigombania ni kisahani cheusi cha mpira mgumu. Beki anaruhusiwa kukichukua na kwenda nacho mpaka golini kwa wenzake, hakuna anayemkataza. Lakini akienda, nyuma yake panabaki wazi, na barafu haimsubiri mtu. Kosa la nukta moja na adui ameshampita. Kwa hiyo mabeki wawili ni kama mke na mume wenye mtoto mchanga. Mmoja akitoka, mwingine anabaki.

Mwende ndiye aliyekuwa anatoka. Alikuwa na mbio na alikuwa na mikono, na kisahani kikigusa gongo lake kilikuwa kama kimegandishwa. Bushra ndiye aliyekuwa anabaki. "Wewe kazi yako kufunga mabao," alikuwa akimwambia, "mimi kazi yangu kufunga mlango." Na uwanjani, Mwende alipokuwa anasita na kisahani, alisikia sauti ile nyuma yake, ya Kitanga, ya mkato: "Nenda, nipo." Wapinzani hawakuelewa hata neno moja. Mwende alielewa, akaenda, na hakuwahi kugeuka.

*

Mechi ya kwanza baada ya mazishi Mwende hakutaka kucheza. Marek akamwambia acheze vipindi viwili vya mwisho tu kati ya vitatu. Akapangwa na Refilwe, msichana wa Soweto, mrefu, mwepesi, asiyejua neno la Kiswahili zaidi ya jambo.

Kipindi cha pili Mwende alipata kisahani kando ya ukuta. Mbele palikuwa wazi. Alikuwa ameshaamua kutoa pasi, mguu umeshageuka, na hapo akasikia nyuma ya bega lake la kushoto:

"Nenda, nipo."

Akaenda. Mwili ulikwenda kabla ya akili. Alimpita wa kwanza, akamhadaa wa pili, akapiga, na kengele ya bao ikalia. Wenzake walipokwisha kumkumbatia alikwenda benchi akamshika Refilwe kwenye wavu wa helmeti.

"Nani amekufundisha kusema vile?"

"Kusema nini?"

"Ulivyoniambia sasa hivi. Nyuma yangu."

Refilwe akamtazama kwa huruma ile watu wanayowapa waliofiwa. "Mwende, mimi nilikuwa benchi. Nilitoka kubadilishwa, mwenzangu hakuwa ameingia bado. Nyuma yako hapakuwa na mtu. Eish, nilikuwa nasali."

Mwende akaketi kando yake. Alijiambia kwamba sikio nalo lina kumbukumbu zake, kama ulimi unavyoendelea kulitafuta jino lililong'oka. Akanywa maji. Kipindi cha tatu sauti ikaja tena.

Ikawa hivyo mechi baada ya mechi. Haikuja mazoezini, haikuja nyumbani, haikuja alipokuwa ameketi garini kwenye roboti, taa za barabarani, akimwita kwa jina. Ilikuja barafuni tu, pale anaposita. Mwende akaanza kufunga mabao kuliko mshambuliaji yeyote wa timu. Magazeti mawili yakamwandika. Benki wakabandika picha yake karibu na lifti. Na yeye, usiku akilala, alikuwa anahesabu siku zilizobaki kabla ya mechi kama msichana anayengoja kuonana na mchumba.

Marek hakufurahi. Alimwita kwenye chumba chake kidogo chenye harufu ya soksi, akamwonyesha picha za mechi kwenye kompyuta.

"Tazama hapa. Umepanda. Refilwe yuko kule pembeni, ndiko nilikomweka. Katikati umeacha njia ya kupitisha lori. Sasa tazama huyu wa kwao."

Kwenye kioo msichana wa timu pinzani alikuwa amenyang'anya kisahani na kukimbia peke yake kuelekea golini. Njia nyeupe, hakuna mtu. Katikati ya njia ile akakata kulia ghafla, akazunguka kama anayekwepa kitu, akapoteza kisahani kwenye kona.

"Hiyo moja," Marek alisema. Akaonyesha nyingine. Timu nyingine, mchezaji mwingine, mahali palepale. Anakuja, anakata, anazunguka. Akaonyesha na ya tatu. "Mimi mchezo huu umenilisha nchi tatu. Mtu haachi shimo kama hili akasalimika. Ukiniuliza kwa nini hatujafungwa, sijui, na kitu nisichokijua kwenye timu yangu kinaninyima usingizi."

"Si tunashinda, kocha?"

"Tunashinda. Sikukatazi kwenda, Mwende. Una kipaji cha kwenda. Ninachotaka ni kimoja: kabla hujaenda, geuza kichwa, utazame nyuma yako kuna nani. Beki anayekwenda bila kutazama si jasiri, ni mdeni, anakopa kwa mtu mwingine."

Mwende akaitikia kwa kichwa. Hakutazama nyuma mechi iliyofuata, wala ile ya baada yake. Aliogopa. Akigeuka akamwona Bushra, ataishi vipi? Na akigeuka asimwone, ataishi vipi?

Kisha wakaenda Pretoria. Walishinda kwa bao moja, lake. Baada ya kipenga timu zilijipanga kupeana mikono, na mshambuliaji wa Pretoria, msichana mwenye nywele nyekundu aliyekuwa hatari kuliko wote, alimshika mkono Mwende asiuachie.

"Yule mwenzenu yuko wapi? Nataka kumpa mkono."

"Nani?"

"Beki wenu mwingine. Mwenye kitambaa cheusi chini ya helmeti." Akatazama mstari mzima wa wachezaji mpaka mwisho. "Amenizuia mara mbili. Hakunigusa hata kidogo. Alinitazama tu kifuani. Mbona amechoka vile? Ni mgonjwa?"

Mwende aliuchomoa mkono wake. Njia nzima ya kurudi Johannesburg, ndani ya kombi la timu, wenzake waliimba na yeye aliegemeza kipaji cha uso kwenye dirisha. Sauti peke yake aliizoea. Hili la uchovu lilimwingia kama maji ya barafu ndani ya kiatu.

*

Mama yake Bushra alifika mwezi wa Septemba. Viza ilimchelewesha, mazishi yakampita, na alipowasili uwanja wa ndege alikuwa na begi moja na shali begani, mwanamke mwembamba anayeitwa Mwanaharusi. Twalib alikuwa na duka Diepsloot asiloweza kuliacha peke yake, kwa hiyo Mwende ndiye aliyeomba ruhusa kazini akampeleka Doornfontein kukusanya vitu vya mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe Mwende? Nimekusikia sana. Alikuwa akinipigia simu, habari ni Mwende, Mwende. Nikadhani ni mume."

Walicheka kidogo. Kisha wakaufungua mlango na kicheko kikaisha. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, jiko limeondolewa, lakini harufu ya mkaa ilikuwa bado imo ndani ya vitambaa. Kwenye cherehani sare moja ilikuwa nusu, sindano imesimama katikati ya mkono wa shati. Ukutani palikuwa na viatu vya barafu, vimefungwa kwa kamba zake, makali yakiwa yamepata kutu nyembamba. Mwanaharusi akapitisha kidole juu ya makali yale.

"Na hivi?"

"Ndivyo vya kutelezea, mama."

"Kama visu." Akaketi juu ya kigoda cha wateja. "Hebu nieleze alikuwa anafanya nini huko. Kila siku alinieleza na sikumwelewa."

Mwende akamweleza. Alichukua vifungo kutoka kwenye kopo akavipanga juu ya meza ya kukatia, hiki Bushra, hiki mimi, huu utepe wa kupimia ndio goli. Akakisukuma kifungo chake mbele, kile cha Bushra akakiacha.

Mwanaharusi akakigusa kifungo kilichoachwa. "Yeye habanduki hapo?"

"Mimi nikitoka, yeye anabaki."

"Mpaka urudi?"

"Mpaka nirudi."

"Ehe," Mwanaharusi akasema, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyepata mwisho wa uzi aliokuwa akiutafuta. "Basi ndiyo hiyo. Mwanangu, mimi namwota. Tangu wiki aliyozikwa, namwota. Watu wanaota maiti zao zimevaa nguo nyeupe, ziko bustanini, zinacheka. Mimi wangu namwota amesimama. Mahali peupe, baridi, amesimama ameinama hivi, na kifimbo mkononi. Namwambia, Bushra, keti mama, umechoka. Ananijibu, siwezi, mama, kuna mtu ametoka."

Mwende akaacha vifungo. Akajishika kwenye cherehani.

"Nilimuuliza shehe wa kwetu," Mwanaharusi aliendelea. "Akaniambia nitoe sadaka, nimsomee. Nimetoa, nimesoma. Bado amesimama." Akavuta shali. "Na si ajabu kwa yule mtoto. Baba yake alipopooza, wenziwe wote walikuwa wanakwenda shule, wanakwenda ngomani, wanakwenda ufukweni Idi. Nani atabaki na baba? Bushra. Sikuwahi kumwambia abaki. Alikuwa anawatazama wenziwe wamevaa, wamependeza, halafu anawaambia, nendeni, mimi nipo. Kila mtu anakwenda. Hata mimi nilikwenda."

Barabarani dereva wa taksi alikuwa akipiga honi kuita abiria wa mjini. Ndani, Mwende alikuwa akiwaza miaka waliyocheza pamoja, na hakupata hata siku moja aliyomuuliza Bushra kama naye anataka kwenda. Aliichukua sauti ile kama anavyochukua hewa. Na sasa mwenye sauti yuko chini ya udongo na bado anaichukua.

Hakumwambia Mwanaharusi kuhusu sauti. Aliogopa kumuumiza, na aliogopa pia, hili alilikiri moyoni, kwamba yule mama atamwomba aiache.

Walipomaliza kufunga mizigo Mwanaharusi alimshika mkono mlangoni. "Kabla sijarudi nataka niione hiyo barafu. Nione alipokuwa anasimama."

"Jumamosi tuna fainali, mama. Nitakuja kukuchukua."

*

Fainali ilikuwa na Pretoria. Uwanja ulijaa, kwa kipimo cha mchezo usiojulikana na wengi, na nyuma ya kioo kinachozunguka barafu, karibu na goli la akina Mwende, alikuwa ameketi Mwanaharusi, amejifunika blanketi la Twalib juu ya buibui, macho hayabanduki barafuni.

Mwende alicheza vibaya. Sauti ilikuja kipindi cha kwanza, akasita, akaenda nusu nusu, akanyang'anywa. Ilikuja tena kipindi cha pili, akaenda kweli, akafunga, na aliponyanyua mikono akamwona Mwanaharusi nyuma ya kioo hapigi makofi. Yule mama alikuwa ameinuka, kiganja kimegandamizwa kwenye kioo, anatazama mahali patupu mbele ya kipa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mwende akashusha mikono.

Mabao yakawa mawili kwa mawili. Zikabaki dakika chache za kipindi cha mwisho. Kisahani kikaangukia gongo la Mwende katikati ya uwanja, na kilichofuata kila mtu aliyekuwapo alikisimulia kwa njia yake. Mabeki wawili wa Pretoria walikuwa wamegongana. Mbele palikuwa na kipa peke yake. Hakuna mchezaji anayepewa njia kama ile zaidi ya mara moja katika maisha yake.

"Nenda, nipo."

Benchi zima lilikuwa limesimama likipiga mayowe. Mwende akapunguza mwendo.

"Nenda, nipo." Safari hii sauti ilikuwa karibu zaidi, na kwa mara ya kwanza alisikia kilichokuwa ndani yake. Ilikuwa imechoka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni tangu Julai.

Mwende akasimama kabisa. Makali ya viatu vyake yakarusha unga wa barafu. Alisukuma kisahani pembeni kwa Refilwe bila kumtazama, akageuza mgongo wake kwa goli la Pretoria, na akatazama nyuma.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na weupe mtupu, mstari wa buluu, Anneke kipa wao akimpungia mikono kwa hasira, na nyuma ya kioo yule mama amesimama. Lakini baridi ilikuwa imejikusanya mahali pamoja, hatua chache mbele yake, kama inavyojikusanya mlangoni mwa jokofu lililoachwa wazi.

"Enda, Bushra," Mwende akasema kwa Kiswahili chake cha Machakos. Sauti haikumtoka vizuri. Akarudia. "Enda wewe. Mimi niko."

Kisha akasikia viatu. Mkato mmoja wa makali kwenye barafu, halafu mwingine, taratibu, kama wa mtu asiyeamini ameruhusiwa. Vikampita ubavuni upande wa kushoto, upepo wake ukagusa shavu. Vikaongeza mwendo. Vikawa mbio, mbio ndefu za mtu aliyekaa miaka mingi bila kukimbia, vikaelekea mbele, mbele kabisa, kule ambako Bushra hakuwahi kufika. Na Mwende alipogeuza shingo hakuona mtu, ila aliona juu ya barafu mistari miwili myembamba, mipya, ikienda mpaka nyuma ya goli la Pretoria, na huko ikaisha.

Hakupata muda wa kulia. Refilwe alikuwa amepoteza kisahani, na msichana wa nywele nyekundu alikuwa anakuja nacho. Mwende akaanza kurudi nyuma. Gongo mbele, macho kifuani. Hakuwa amewahi kuifanya kazi ile kwa moyo, na sasa alijua ilivyo: jinsi mtu anavyokujia na wewe huna ruhusa ya kumkimbilia wala kumkimbia, jinsi kila kitu kizuri cha mchezo kinavyotokea mahali pengine. Yule msichana alitazama kulia na kushoto. Akapiga. Mwende akajitupa, kisahani kikampata kifundo cha mguu, maumivu yakamfika mpaka kwenye meno. Lakini hakikupita.

Muda ukaisha mbili kwa mbili, wakaenda penalti, wakafungwa.

Marek alimfuata chumba cha kubadilishia, uso mwekundu. "Njia ilikuwa wazi! Msimu mzima nakuomba utazame nyuma, unachagua siku hii? Ubingwa ulikuwa mkononi mwako!"

"Najua, kocha."

"Basi niambie kwa nini."

Mwende alikuwa ameuweka mguu wake ndani ya ndoo ya barafu. Alifikiri jibu, akaliona halitafsiriki kwa Kiingereza, na pengine hata kwa Kiswahili. "Ilikuwa zamu yangu kubaki," akasema. Marek akatoka, na kwa wiki nzima hawakuzungumza.

Jumanne Mwende alimpeleka Mwanaharusi uwanja wa ndege, akichechemea. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya chuma wakisubiri, begi moja limekuwa matatu, cherehani imefungwa kwa kamba. Mwanaharusi hakuwa ameongea sana tangu Jumamosi. Mwishowe akasema, kama mtu anayekiri jambo la aibu:

"Nimelala, mwanangu. Usiku wa jana na wa juzi. Nimelala mpaka Alfajiri ikanipita, Twalib ndiye aliyeniamsha."

"Umemwona?"

"Sikuona kitu." Akafuta macho kwa ncha ya shali. "Nilidhani nitafurahi."

Mwende akamshika mkono, wakakaa vile mpaka ndege ilipoitwa.

*

Msimu mpya ulianza mwezi wa tatu. Kifundo kilikuwa kimepona. Mwende na Refilwe walikuwa wamefanya mazoezi majira yote ya joto, mara wote wanakwenda, mara wote wanabaki, wanagombana, wanacheka, kila mmoja anajaribu kujifunza mwenzake anapumua vipi. Mwende sasa alikuwa anatazama nyuma. Wakati mwingine alitazama mno, nafasi ikampita, na mashabiki wakaguna. Sauti haikurudi. Alikuwa akiitegea sikio wimbo wa timu ukipigwa, akiitegea kando ya ukuta, na alichosikia ni mashine za kupozea barafu zikinguruma chini ya sakafu.

Mechi ya tatu, nyumbani, alipata kisahani. Akageuka. Refilwe alikuwa mbali kidogo, lakini alikuwapo, na njia ya mbele ilikuwa nzuri. Hakuna aliyemwambia kitu. Akapima mwenyewe, akaamua mwenyewe, akaenda. Alimpita mmoja. Wa pili akamnyang'anya.

Aligeuka kukimbiza na alijua amechelewa. Mshambuliaji alikuwa amempita Refilwe, yuko peke yake katikati ya ile njia nyeupe. Mwende akakimbia, na katika kukimbia akakitazama kile kipande cha barafu mbele ya Anneke, akangoja msichana akate kulia, azunguke. Moyo wote ulikuwa unangoja.

Msichana hakukata. Alikwenda moja kwa moja kama mtu anayepita chumbani kwake, akapiga, kisahani kikaingia wavuni.

Anneke aliinuka akamtupia gongo. "Hapakuwa na mtu! Mwende, hapakuwa na mtu yeyote pale!"

"Ndiyo," Mwende akasema. "Hakuna mtu."

Akateleza mpaka golini. Refilwe alikuwa anakuja akiomba radhi, na Marek alikuwa anapiga kelele kutoka benchi, ila kelele zilikuwa za kawaida, za kocha aliyefungwa bao la kawaida. Mwende akapiga goti moja, akaingiza mkono ndani ya wavu na kukitoa kisahani. Kilikuwa baridi na kizito. Alikikumbatia kwenye kifua cha jezi, uso umeinama ndani ya helmeti ili watu wasimwone, akalia kama ambavyo hakuwa amelia Julai, kama ambavyo hakuwa amelia mkekani Yeoville, mpaka mwamuzi akaja taratibu akanyoosha mkono kukiomba, kwa sababu mchezo ulikuwa unaendelea.